Jaji Ameer Ali na Wakfu Uliokataliwa London

Wengi wetu tunamjua Syed Ameer Ali kwa kitabu kimoja. The Spirit of Islam kimo katika maktaba nyingi za vyuo, jalada limechakaa, na anayekiazima kwa kawaida anatafuta hoja za kumjibu mtu aliyemwambia kwamba Uislamu ulienea kwa upanga. Mimi nilikutana naye kwa njia nyingine. Tulipofika mlango wa wakfu katika somo la fiqhi, nilitaka kujua ni kwa nini vitabu vya sheria vya Afrika Mashariki vinaitaja tena na tena kesi moja ya Bengal ya mwaka 1894. Nilipoifuata kesi ile nikamkuta jaji Mwislamu ambaye rai yake ilishindwa, kisha akapandishwa hadi akaketi katika mahakama ileile iliyomshinda. Ndugu msomaji, habari zake ni ndefu kuliko kurasa hizi, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kesi na kupita haraka penginepo.

Alizaliwa Aprili 1849 katika mji wa Cuttack, Orissa, mashariki ya India. Familia yake ilikuwa ya Kishia, ikijinasibisha na Mtume (S.A.W.) kupitia Imam Ali al-Ridha, na wazee wake walitoka Uajemi wakaingia India pamoja na jeshi la Nadir Shah katika karne ya 18. Najua wapo ndugu watakaotaka kuacha kusoma hapa kwa sababu ya neno Shia. Nawaomba wavumilie. Jambo alilolitetea mahakamani lilikuwa fiqhi ya Kihanafi, na sisi Mashafii tunalo vilevile.

Alisoma Hooghly, karibu na Calcutta. Chuo cha Hooghly kilifunguliwa mwaka 1836 kwa fedha zilizotokana na mali ya Haji Muhammad Mohsin, tajiri aliyeweka mali yake wakfu mwaka 1806 na kufariki miaka sita baadaye. Yaani kijana huyu, kabla hajaandika neno lolote juu ya wakfu, alikuwa amekaa chini ya kivuli cha wakfu wa mtu aliyekufa zamani. Alimaliza shahada zake za historia na sheria mwishoni mwa miaka ya 1860, akapata ufadhili wa serikali kwenda London, na mwaka 1873 akakubaliwa kuwa wakili katika Inner Temple. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 24, alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya maisha na mafundisho ya Mtume (S.A.W.).

Alirudi Calcutta na mambo yakaenda kasi. Mwaka 1877 alianzisha chama cha kitaifa cha Waislamu wa India. Akawa hakimu, akaingia katika baraza la kutunga sheria, na mwaka 1884 alitoa mihadhara maarufu ya sheria mjini Calcutta juu ya hiba, wakfu na wasia kwa Waislamu. Mwaka huo pia alimuoa Isabelle Ida Konstam, mwanamke wa Kiingereza. Mwaka 1890 aliteuliwa kuwa jaji wa High Court ya Calcutta, miongoni mwa Waislamu wa mwanzo kabisa kukalia kiti cha namna hiyo chini ya utawala wa Waingereza. The Spirit of Islam kikatoka mwaka uliofuata.

Sasa tuingie kwenye wakfu wenyewe, na naomba nitumie mfano wa kwetu. Bwera mpakani, ukitoka sokoni Mpondwe, yupo mzee wa jamaa yetu mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha na shamba la kahawa mlimani. Mzee huyu ameandika karatasi: nyumba isiuzwe wala isirithiwe. Kodi yake iwalee watoto wake, kisha wajukuu, kisha watakaofuata, na siku kizazi chake kitakapokatika, kodi hiyo iende kwa mafukara na msikiti. Katika fiqhi huu unaitwa wakfu wa dhuria au wakfu ahli. Mali yenyewe inafungwa, na faida yake inatembea.

Asili yake hatuibuni. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, akaelekezwa aizuie asili na kutoa sadaka mazao yake. Akaiweka kwa ajili ya mafukara, jamaa wa karibu, kuwakomboa watumwa, njia ya Mwenyezi Mungu, wageni na wasafiri. Jamaa wa karibu wamo katika orodha ileile na mafukara. Na katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), mtu anachowalisha mkewe na wanawe kinahesabiwa kuwa sadaka. Kwa hiyo Mwislamu aliyewawekea watoto wake wakfu hajioni kuwa amekwepa sadaka, kwa sababu ameianzia nyumbani.

Waingereza walifikiri vingine. Kwao sadaka ni ya umma: shule, hospitali, maskini wasiojulikana majina. Kumpa mwanao ni mapenzi ya baba, si sadaka. Tena sheria yao ilichukia mali kufungwa milele ikawa haiuziki wala haigawiki. Jaji wa Kiingereza alipouona waraka wa mzee kama huyu wa kwetu, aliona watoto wamewekwa mbele kabisa na mafukara wamesogezwa mwisho wa mstari mrefu ambao pengine hautafika. Akahukumu kwamba mafukara wale ni pazia tu.

Tuwe waadilifu hapa. Wapo Waislamu waliolitumia pazia hilo kweli. Mtu ana madeni shingoni, anaamka asubuhi na kuandika kwamba mali yote ni wakfu wa wanawe, na mdai anabaki mikono mitupu. Wanazuoni wetu walilijua hilo mapema na wakazungumzia wakfu wa mdaiwa na masharti yake. Lakini dawa ya hila ni kuibatilisha hila inapothibiti. Waliofanya Waingereza ni kubatilisha mlango wote.

Suala hili lilifika mbele ya jopo la majaji wa Calcutta katika kesi ya Bikani Mia, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1893. Wenzake walikwenda njia moja. Ameer Ali akaandika kinyume nao, na aliandika kwa urefu. Aliwaonyesha kwamba kwa Waislamu neno la sadaka limebeba ukoo na jamaa tangu mwanzo, kwamba maswahaba waliwawekea watoto wao wakfu, na kwamba wanazuoni wa Kihanafi waliomfuata Imam Abu Yusuf waliukubali wakfu wa namna hii karne kwa karne. Aliingia katika vitabu vya Kiarabu vyenyewe. Hilo si jambo dogo, kwa maana majaji wengi wa Kiingereza waliijua Hidaya kupitia tafsiri ya Charles Hamilton ya mwaka 1791, ambayo haikutoka kwenye Kiarabu bali kwenye Kiajemi. Tafsiri ya tafsiri ndiyo iliyokuwa ikiamua mali za watu.

Rai ya jaji mmoja dhidi ya wenzake haina nguvu ya kumpa mtu nyumba. Inabaki kwenye kitabu. Bado palikuwa na matumaini, kwani juu ya Calcutta palikuwa na London. Mahakama ya mwisho ya makoloni yote ilikuwa kamati ya majaji wa Privy Council, baraza la kifalme, na kesi nyingine ya wakfu ilikuwa njiani kwenda huko.

Hiyo ndiyo kesi ya Abul Fata Mahomed Ishak dhidi ya Russomoy Dhur Chowdhry. Ndugu wawili wa Bengal walikuwa wameweka mali wakfu mwaka 1868 kwa ajili ya watoto wao na vizazi vyao, na mwisho wa yote mafukara. Baadaye mtu mwingine akaidai mali ile. Hakimu wa chini aliukubali wakfu. High Court ya Calcutta ikaipindua hukumu yake. Waliosimamia wakfu wakavuka bahari na rufaa yao, na Desemba 1894 London ikakataa kuigusa hukumu ya Calcutta. Lord Hobhouse ndiye aliyeisoma. Majaji walisema wameitazama rai ya Ameer Ali na hawakushawishika. Kwa maoni yao, alikuwa amechukua mafundisho ya jumla kutoka kinywani mwa Mtume (S.A.W.) na kuyafanya kanuni bila kuonyesha mazingira yake, na sadaka iliyosogezwa mbali namna ile kwao haikuwa sadaka.

Kila ninapolifikiria hilo nastaajabu. Watu wasiojua hata herufi za Kiarabu wakamwambia mtu aliyevisoma vitabu kwamba yeye ndiye aliyekielewa vibaya kile alichokulia nacho. Na tangu siku ile, mahakama yoyote ya India iliyoletewa wakfu wa dhuria ilikuwa imefungwa mikono. Warithi walioutaka mgao wao na wadai waliotaka fedha zao wakaanza kuzibomoa wakfu za wazee mahakamani.

Yeye aliendelea kuketi Calcutta hadi mwaka 1904, kisha akahamia Uingereza na mkewe. Hakupumzika. Mwaka 1908 alianzisha tawi la London la Muslim League, akashiriki katika mfuko wa kujenga msikiti mjini London, na katika vita vya Libya na Balkani alikuwa mbele katika kuunda shirika la Hilali Nyekundu la Uingereza kwa ajili ya majeruhi Waislamu. Na mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika kamati ya majaji wa Privy Council. Alikuwa Mhindi wa kwanza kuketi hapo, katika baraza lilelile ambalo miaka 15 nyuma lilikuwa limeitupa rai yake.

Mtu angedhani sasa ataipindua. Haiwi hivyo. Jaji hachagui kesi, haketi peke yake, na haiondoi hukumu kwa kuwa tu haikumpendeza. Hukumu ya 1894 haikuondolewa na baraza lenyewe. Iliondolewa India kwa mlango mwingine. Mwaka 1911 wakili wa Bombay, Muhammad Ali Jinnah, alipeleka muswada katika baraza la kutunga sheria, na Machi 1913 ukawa sheria ya kuuhalalisha wakfu wa dhuria. Yaliyomo yalikuwa kimsingi yaleyale ambayo Ameer Ali aliyasema miaka 20 kabla. Hata hivyo sheria ile haikurudi nyuma kuziokoa wakfu zilizowekwa kabla yake. Zilisubiri hadi mwaka 1930, naye alikuwa ameshafariki.

Kuna hukumu yake moja ya Privy Council, ya mwaka 1921, ninayoipenda kuliko zote, na cha ajabu ni kwamba ilihusu mali ya taasisi ya Wahindu. Katika kuieleza sheria yao, alichukua nafasi ya kueleza pia wakfu ni nini: kwamba haufanani na amana ya Kiingereza, kwamba mali ikishawekwa wakfu umiliki wake unarudi kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba mutawalli ni msimamizi tu asiyemiliki kitu. Alichokataliwa kukisema katika kesi ya Waislamu alipata kukiandika, angalau nusu yake, katika kesi ya Wahindu, na majaji wenzake wakatia mkono.

Siasa zake za mwisho hazikumwendea vizuri. Mwaka 1923 yeye na Aga Khan walimwandikia Ismet Pasha wa Uturuki kuutetea ukhalifa. Barua ilitokea magazetini kabla serikali ya Ankara haijaijibu, ikachukuliwa kuwa Waingereza wanaingia mambo ya ndani, na Machi 1924 ukhalifa ukafutwa. Siwezi kusema barua ndiyo iliyoufuta. Waliotaka kuufuta walikuwa tayari. Lakini iliwapa kisingizio. Alifariki Sussex tarehe 3 Agosti 1928, akiwa bado jaji wa Privy Council, na akazikwa makaburi ya Brookwood.

Ingekuwa kwa India peke yake, habari ingeishia hapo. Lakini sheria ya Jinnah haikuvuka bahari kuja kwetu. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyosikiliza rufaa za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilikuwa chini ya London kama Calcutta ilivyokuwa. Mwaka 1946 ulifika mbele yake wakfu wa Zanzibar, katika kesi ya el-Riyami dhidi ya Kamisheni ya Wakfu, na mahakama ikaona imefungwa na hukumu ya Bengal ya 1894. Serikali ya Zanzibar ikalazimika kutoa dikrii mwaka huohuo kuuhalalisha wakfu wa dhuria. Kisha ikaja kesi ya Mombasa, ya Fatuma binti Mohamed, ikafika hadi Privy Council mwaka 1951. Hawa walikuwa Mashafii wa pwani. Hawakuwa Mahanafi wa Bengal, na India kwenyewe hukumu ile ilikuwa imezikwa na bunge tangu 1913. London ikakataa kuiangalia upya. Mahakama ya Rufaa, walisema, ilifanya sawa kuifuata. Kenya nayo ikabidi itunge sheria yake mwaka huohuo.

Hapa ndipo somo letu la kadhi linaponifanya nitofautiane na baadhi ya wenzangu, ambao husema kosa la London lilikuwa kukataa kupindua hukumu. Fiqhi yetu nayo haipendi hukumu zipinduliwe ovyo. Tunasoma kwamba ijtihadi haivunjwi kwa ijtihadi mfano wake, na kwamba hukumu ya kadhi huondoa khilafu. Imam Abu Hanifa mwenyewe, katika suala hilihili la wakfu, aliona hauwi wa lazima mpaka kadhi auhukumie. Akishahukumu, mlango umefungwa. Bila ya hapo hakuna mtu angelala na haki yake.

Lakini tazama alivyofanya Sayyidna Umar (r.a.) katika mirathi. Alifariki mwanamke akaacha mume, mama, ndugu wa kwa mama na ndugu wa baba na mama. Mafungu yakawala wote, na ndugu wa baba na mama wakatoka bila kitu. Umar akahukumu hivyo. Ilipokuja kesi nyingine mfano wake, akawashirikisha na ndugu wa kwa mama. Alipoulizwa, alijibu kwa maana kwamba ile ya kwanza ibaki ilivyohukumiwa na hii iwe ilivyohukumiwa. Hakurudi nyuma kuwanyang'anya wa kwanza, wala hakuwafunga wa pili kwa hukumu ya wa kwanza. Mali ya wale ndugu wawili wa Bengal ingeweza kubaki ilipoangukia mwaka 1894, na mimi nisingelalamika sana. Kilichoniuma ni Fatuma wa Mombasa, miaka 57 baadaye, kwa madhehebu mengine na bahari nyingine, kuambiwa kwamba swali lake lilishajibiwa kabla hajaliuliza.

Ndiyo maana karatasi ya yule mzee wa Bwera inanishughulisha. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 129, imezitaja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi, kama Bunge litakavyopanga. Wakfu haukutajwa. Wajukuu wake wakigombana kesho juu ya vile vyumba vya kupangisha, watapanda gari kwenda Kasese mjini mbele ya mahakama ya kawaida, na huenda wakili wa mmoja wao akawa amebeba kwenye mkoba wake kesi ya 1951. Wakili wa upande wa pili atahitaji kujua kwamba iko rai nyingine, iliyoandikwa Calcutta, na aliyeiandika ni nani.